Mtoto Asiyeshika Hesabu Si Mjinga, Wala Hana Pepo



Jumapili moja baada ya ibada, mama mmoja wa kanisa letu alibaki kwenye benchi mpaka watu wote wakatoka. Mkononi alishika buletini ya mtoto wake wa mwaka wa nne wa shule ya msingi. Kusoma: vizuri. Dini: vizuri sana. Hesabu: 2 kwa 20. Akasema, "Pasta, mwalimu anasema kichwa cha huyu mtoto kimefungwa. Bibi yake nyumbani anasema kuna mtu aliyekifunga. Tumuombee." Tukaomba. Muhula uliofuata akarudi na alama zilezile. Tukaomba tena, na safari hiyo tukafunga siku tatu pamoja naye.

Mara ya tatu tulifanya jambo tulilopaswa kulifanya tangu mwanzo. Tulimkalisha mtoto mwenyewe, tukaweka maharagi matatu juu ya meza, tukamwuliza ni mangapi. Akayagusa kwa kidole: moja, mbili, tatu. Tukayasogeza kidogo yaleyale matatu, tukauliza tena. Akaanza upya: moja, mbili, tatu. Huyu ni mtoto wa miaka 10 anayeimba nyimbo za shule ya Jumapili bila kitabu, na anayeweza kusimulia habari za Yosefu toka shimoni mpaka kwa Farao bila kuruka kitu. Lakini hakuweza kutazama maharagi matatu akajua ni matatu.

Hakuwa na pepo, wala hakuwa mvivu. Alikuwa na shida yenye jina, na mtoto mwenye shida hiyo anaweza kusaidiwa kwa kufundishwa. Tunaandika haya kwa wazazi, kwa walimu wa shule zetu, kwa walimu wa ECODIM, na kwa sisi wachungaji ambao mara nyingi tunaletewa watoto hawa kabla ya mtu mwingine yeyote.

Shida hii ni nini?

Wataalamu wanaiita diskalkulia. Jina hilo lilianza kujulikana kwa watoto wa shule hasa kutokana na kazi ya Ladislav Kosc, mtaalamu wa saikolojia wa Chekoslovakia, aliyeandika habari zake mwaka 1974. Tangu hapo wengine wameendelea kuchunguza, kama Brian Butterworth wa London na Stanislas Dehaene wa Ufaransa.

Wanaeleza hivi. Mungu amempa mwanadamu uwezo wa kuona idadi ndogo bila kuhesabu. Ukiona mbuzi watatu njiani, husemi "moja, mbili, tatu"; unajua tu kwamba ni watatu. Uwezo huo unategemea sehemu fulani za ubongo, upande wa juu kuelekea nyuma. Juu ya msingi huo mtoto anajenga hesabu nyingine zote: kujua kwamba 8 inazidi 5, kujumlisha, kutoa, kuzidisha. Kwa mtoto mwenye diskalkulia, msingi huo ni dhaifu. Anasikia neno "saba" na kuona alama 7, lakini havimletei picha ya wingi wowote. Ni kama mtu anayekariri maneno ya lugha asiyoielewa. Leo anayasema, kesho yamepotea.

Uchunguzi mwingi unaonyesha kwamba watoto kati ya 3 na 7 katika kila 100 wana shida hii. Maana yake, katika darasa la watoto 50 huenda wako wawili au watatu. Wanaweza kuwa wavulana au wasichana. Mara nyingine inatembea katika ukoo, na watoto waliozaliwa kabla ya miezi kutimia wanaipata zaidi. Haihusiani na akili kwa jumla. Mtoto anaweza kuwa hodari katika kusoma, kuimba, kuchora au kuongoza wenzake, na bado hesabu zikamshinda.

Si kila anayeshindwa hesabu ana diskalkulia

Hapa tuwe waangalifu, hasa katika sehemu zetu za mashariki. Mtoto aliyekimbia vita mara mbili na kukosa mwaka mzima wa shule atashindwa hesabu, kwa sababu matofali ya chini hayakuwekwa. Mtoto anayeingia darasani bila kula atashindwa. Asiyeona ubao vizuri, au asiyesikia vizuri, atashindwa na ataitwa mkaidi. Tangu shule ya msingi iwe bure mwaka 2019, madarasa mengi yamejaa, na mwalimu mmoja hawezi kumfikia kila mtoto.

Tena kuna jambo la lugha. Mtoto wetu anapohesabu kwa Kiswahili anasema kumi na moja, kumi na mbili, kumi na tatu. Anasikia kumi, na anasikia kilichoongezwa juu yake. Anapopelekwa kwenye Kifaransa anakutana na onze, douze, treize. Ndani ya maneno hayo hasikii kumi. Tunashukuru kwamba sisi Kongo tunasema septante na nonante kama Wabelgiji, la sivyo mzigo ungezidi. Lakini hata hivyo, kuna watoto wengi ambao hesabu haikuwashinda. Kilichowashinda ni maneno yake.

Kwa hiyo kwanza tuulize: Mtoto huyu amekosa shule muda gani? Anaona? Anasikia? Anaelewa lugha anayofundishwa? Tukisha kushughulikia hayo, tukamfundisha kwa subira miezi kadhaa, na bado anahesabu maharagi matatu kwa kidole, hapo tufikirie diskalkulia.

Dalili za kutazama

Hatuhitaji mashine ili kuona dalili. Mtoto wa miaka 8 au 9 bado anategemea vidole hata kwa 2 na 3. Anachelewa sana kusema ipi ni kubwa kati ya 6 na 9. Anaandika 21 anapotaka kuandika 12. Anaweza kuhesabu kwenda mbele mpaka 20, lakini ukimwambia arudi nyuma toka 20 anapotea. Jedwali la kuzidisha alilolijua jana jioni leo asubuhi hana. Anachanganya saa na siku za juma. Ukimtuma dukani anarudi na chenji yoyote aliyopewa. Na hofu nayo ni dalili kubwa: siku ya hesabu tumbo linauma, au kalamu "imepotea".

Mtoto mwenye dalili moja si lazima awe na shida. Mwenye nyingi, kwa muda mrefu, anahitaji msaada. Mahali palipo na daktari wa watoto au mtaalamu, tumpeleke. Mahali ambapo hakuna, tusingoje cheti ndipo tuanze kumsaidia, kwa sababu mafundisho tutakayoeleza hapa hayamdhuru mtoto yeyote.

Mambo tuyaache

Tuache fimbo. Fimbo inaweza kumfanya mtoto anyamaze, haiwezi kumfanya aone wingi asiouona. Mtoto anayeogopa anasahau hata kile alichokuwa anakijua.

Tuache kumsimamisha mbele ya wenzake ili ataje jedwali huku darasa linacheka. Tuache kumwita mjinga, maana jina hilo linakaa. Tunao watu wazima makanisani ambao mpaka leo hawakubali kuwekwa kwenye kamati ya fedha au kuuza sokoni, kwa sababu ya maneno waliyoambiwa wakiwa na miaka 9.

Na zaidi ya yote, tuache kutafuta mchawi. Tunasema hili kwa uchungu, kwa sababu baadhi ya watumishi wa Mungu wamekubali maneno kama yale ya bibi. Kuna watoto waliolazwa na njaa, waliochomwa, waliofukuzwa nyumbani, kwa sababu tu walikuwa tofauti na wenzao. Katiba ya nchi yetu ya mwaka 2006, katika kifungu cha 41, inakataza kumshitaki mtoto uchawi, na sheria ya kulinda mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 inaweka adhabu. Lakini hata kabla ya sheria ya nchi tulikuwa na neno la Bwana wetu. Katika Yohana sura ya 9, wanafunzi walipomwona mtu aliyezaliwa kipofu, walitaka kujua ni nani aliyetenda dhambi. Yesu alikataa swali lao. Kisha akainama, akatengeneza udongo, akaanza kazi. Sisi pia tuache swali la nani amemfunga mtoto, tuinamie kazi.

Namna ya kufundisha

Kanuni kubwa ni moja: kwanza mkono, halafu jicho, mwisho alama. Mtoto ashike vitu, halafu achore vitu hivyo, ndipo aandike tarakimu. Shule nyingi zinaanza na tarakimu ubaoni, na hapo ndipo mtoto huyu anaachwa. Vifaa si vya gharama. Maharagi, vizibo vya chupa, vijiti na kamba vinatosha. Dakika 15 kila siku zinazidi saa mbili za Jumamosi.

Hatua ya kwanza ni kuona idadi ndogo. Weka vizibo 2, 3, 4, halafu 5, kwa mpangilio kama wa dadu. Mwonyeshe kwa muda mfupi, funika, mwulize alichoona. Akishindwa, funua tena bila kukasirika. Mchezo wa dadu, na kisoro kwa wanaoujua, unafanya kazi hii vizuri kuliko daftari. Usivuke 5 mpaka 5 iwe rafiki yake.

Hatua ya pili ni kuvunja namba na kuiunganisha. Tano ni 4 na 1, ni 3 na 2. Kumi ni 7 na 3, ni 6 na 4. Mwalimu mmoja wa Ubelgiji, Georges Cuisenaire wa mji wa Thuin, alitengeneza vijiti vya rangi vyenye urefu wa sentimita 1 mpaka 10, na mwaka 1952 akachapisha kitabu juu yake. Vijiti hivyo vilienea duniani. Sisi tunaweza kukata vyetu kwa mianzi. Mtoto anaweka kijiti cha 7 na cha 3 mwisho kwa mwisho, anaona vinalingana na cha 10. Hakariri kitu, anaona kwa macho na kushika kwa mkono.

Hatua ya tatu ni kumi. Funga vijiti kumi kumi kwa kamba. Namba 34 ni mafungu 3 na vijiti 4. Hapa Kiswahili chetu cha Kongo kina zawadi: wazee wetu wanasema makumi mbili, makumi tatu. Mtoto anayesikia "makumi tatu na ine" anasikia mafungu matatu na vijiti vinne. Aanze hivyo, halafu ajifunze thelathini, na mwisho trente. Sheria ya elimu ya mwaka 2014 inakubali lugha zetu za taifa katika kufundisha, basi mwalimu asione aibu kuzitumia.

Sasa mpe hesabu ya 34 kutoa 18. Ana vijiti 4 vya peke yake, anatakiwa kutoa 8. Havitoshi. Afungue fungu moja. Sasa ana mafungu 2 na vijiti 14. Atoe 8, vibaki 6. Atoe fungu 1, libaki 1. Jibu ni 16. Ile tunayoita "kukopa" ubaoni, ambayo watoto wengi wanaifanya kama uganga, ameifungua kwa vidole vyake. Afanye mara nyingi kwa vijiti, halafu achore mafungu na vijiti, na baadaye kabisa aandike. Akiandika, apewe daftari la miraba, tarakimu moja kwa kila mraba, ili makumi yasichanganyike na mamoja.

Hatua ya nne ni kutumia machache anayojua ili kupata asiyoyajua. Tusimlazimishe kukariri jedwali lote. Anajua 6 na 6 ni 12? Basi 6 na 7 ni moja zaidi, 13. Anataka 8 na 5? Mpe 8 mbili kwanza, ifike 10, zinabaki 3: 13. Kwa kuzidisha, ashike vizuri za 2, za 5 na za 10. Ukimwuliza 7 mara 8, aseme: 5 mara 8 ni 40, 2 mara 8 ni 16, jumla 56. Atachelewa, lakini atafika, na kesho atajua njia ya kurudi. Jedwali lenyewe libandikwe juu ya meza yake. Mtu mwenye mguu mbovu hatumnyang'anyi fimbo yake ya kutembelea.

Hatua ya tano ni pesa, maana huko ndiko maisha yalipo. Tunaishi mahali ambapo mfuko mmoja una faranga na dola pamoja, na asiyejua hesabu anaibiwa kila siku. Mfundishe chenji kwa kupanda, si kwa kutoa. Kitu ni faranga 1.300, mteja ametoa 2.000. Toka 1.300 mpaka 1.500 ni 200. Toka 1.500 mpaka 2.000 ni 500. Chenji ni 700. Afanye kwa noti zenyewe, na mama amsimamie kwenye meza yake ya sokoni. Akikua, kikokotoo cha simu si dhambi, mradi ajue jibu linalofaa liwe karibu na wapi.

Katika hatua zote, mpe muda. Usimpime kwa saa. Msifu kwa njia aliyotumia, hata jibu likikosea. Na mwulize, "Umefikaje hapo?" Mara nyingi kosa la mtoto lina sababu, na ukiisikia utajua mahali pa kurudi.

Watoto wenye shida nyingine

Diskalkulia mara nyingi haiji peke yake. Kuna mtoto mwenye disleksia, ambaye hesabu anaiweza lakini maneno ya swali hayasomeki kwake. Huyu asomewe swali kwa sauti, na utashangaa. Kuna asiyeweza kutulia. Mpe maswali matatu badala ya kumi, mwache asimame, atembee juu ya mstari wa namba uliochorwa chini uwanjani toka 0 mpaka 20: hatua mbele ni kujumlisha, hatua nyuma ni kutoa. Asiyeona au kusikia vizuri akae mbele, na mwalimu amtazame anapozungumza. Na kuna mtoto ambaye akili yake yote inakua polepole. Huyu tusimlinganishe na mtihani wa mwisho wa shule ya msingi. Akijua kuhesabu sahani za wageni, kusoma saa na kununua chumvi bila kudanganywa, amepata elimu ya kweli.

Kazi ya kanisa

Kuna wanaosema hili ni jambo la shule, si la kanisa. Lakini tangu makubaliano ya tarehe 26 Februari 1977 kati ya serikali na makanisa, shule nyingi za nchi hii ziko mikononi mwetu. Shule za Kiprotestanti ni zetu, na mtoto anayefukuzwa humo kwa kuitwa mjinga anafukuzwa na sisi.

Tunapendekeza mambo matatu ambayo parokia yoyote inaweza kuanza bila kungoja msaada wa nje. La kwanza, mchungaji akiletewa mtoto kwa sababu ya alama mbaya, aombe, ndiyo, lakini pia aweke maharagi mezani. Maombi yetu hayapungui nguvu tukifungua macho. La pili, darasa la Jumapili la kanisa liwe wazi siku mbili za juma mchana, na vijana waliomaliza sekondari wakae na watoto wawili wawili, kwa vijiti na vizibo. Vijana wengi hawana kazi. Hii ni huduma. La tatu, wazazi wa watoto hawa wakutanishwe. Mama anayejua kwamba si yeye peke yake hatakimbilia kwa mganga.

Yule mtoto tuliyeanza naye hajawa wa kwanza darasani, na huenda hatakuwa. Alianza na vizibo vitano na alikaa na vitano karibu miezi miwili, mpaka sisi wenyewe tukataka kukata tamaa. Buletini yake ya mwisho ilikuwa na 9 kwa 20 katika hesabu. Kwa wengine hiyo ni alama ya kulia. Mama yake aliileta mbele ya kanisa siku ya shukrani. Siku hizi Jumamosi anamsaidia kuuza makala, na anarudisha chenji kwa kupanda, polepole, midomo ikitikisika. Wateja wanamngoja. Bibi yake ameacha kusema kuna mtu aliyemfunga.

Katika Luka sura ya 15, Bwana wetu anasimulia habari za mchungaji mwenye kondoo 100, aliyejua kwamba mmoja hayupo. Mchungaji yule alihesabu ili asimpoteze hata mmoja. Darasani mwetu mara nyingi tumefanya kinyume: tumetumia hesabu kuwapoteza watoto. Juma hili, kila mmoja wetu amtafute mtoto mmoja anayeogopa hesabu, nyumbani, shuleni au katika ECODIM, akae naye chini na vizibo vitano.

Mungu awabariki, na awape subira.